Msomaji wa Kwanza Darasani: Karne ya Kusoma kwa Mapana na Mafunzo ya Walimu Afrika Mashariki

Katika shule nyingi za Afrika Mashariki kuna kabati lenye kufuli ofisini kwa mwalimu mkuu. Ndani yake mna vitabu vya hadithi vilivyoletwa na serikali, na mradi fulani au na wafadhili, vingine havijafunguliwa hata ukurasa mmoja. Vinahesabiwa, vinaandikwa kwenye daftari la mali ya shule, kisha vinafungiwa tena visije vikachanika. Mwalimu anayefanya hivyo ni mtu mwaminifu. Amefunzwa kutunza mali ya umma, na hakuna aliyemfunza kwamba kitabu kilichochakaa kwa kusomwa ndicho kilichotumika vizuri. Historia ya kusoma katika ukanda wetu imejaa watu waliohangaika kuandika, kuchapa na kusambaza vitabu. Waliohangaika kumwandaa mwalimu wa kuvifikisha mikononi mwa watoto ni wachache, na hapo ndipo kazi ilipokwama mara kwa mara.

Walimu wa lugha hutofautisha kusoma kwa kina na kusoma kwa mapana. Katika kusoma kwa kina darasa zima hushika kifungu kimoja kifupi: msamiati mpya unaandikwa ubaoni, maswali ya ufahamu yanajibiwa, sarufi inachambuliwa. Katika kusoma kwa mapana mwanafunzi hujichagulia kitabu chepesi kinachompendeza, hukisoma kimya mpaka mwisho, kisha huchukua kingine, na kingine tena. Hasimami kwenye kila neno gumu wala hasubiri mtihani. Lugha humwingia kwa kukutana nayo mara nyingi, katika habari anayotaka kujua inaishia wapi. Njia hizi mbili zinategemeana, lakini shule zetu zimeishi na ya kwanza kwa muda mrefu hata walimu wengi wakaamini kwamba kusoma shuleni hakuna sura nyingine.

Mwalimu wa walimu wa Dhaka

Mwingereza Harold Palmer alikuwa miongoni mwa wataalamu wa kwanza kuipa njia hii jina na nafasi katika ufundishaji wa lugha za kigeni, katika kitabu chake cha mwaka 1917. Aliyeipeleka darasani kwa vitendo ni Michael West, aliyefanya kazi katika idara ya elimu ya Bengal, iliyokuwa chini ya utawala wa Waingereza, na kuongoza chuo cha ualimu mjini Dhaka. West aliona watoto wa Kibengali wakijifunza Kiingereza kwa miaka kadhaa, kisha wengi wao wakiacha shule kabla lugha hiyo haijawafaa kitu. Katika ripoti yake ya mwaka 1926 alitetea kwamba mtoto wa namna hiyo apewe kwanza uwezo wa kusoma, kwa sababu ni uwezo anaoweza kuondoka nao na kuuendeleza bila mwalimu.

Akaandika vitabu vya ngazi kwa ngazi, maneno mapya yakiingizwa machache machache na kurudiwa mara nyingi, na vitabu vya namna hiyo vikaenea katika makoloni, Afrika ikiwemo. Ni vyema tukumbuke kazi ya mtu huyu. Kabla ya kuwa mtunzi wa vitabu mashuhuri alikuwa mkufunzi wa walimu, na alijua kwamba hadithi nyepesi ikiangukia mikononi mwa mwalimu aliyezoea kukaririsha, nayo itakaririshwa. Vitabu vyake vilisafiri mbali. Mafunzo yake kwa walimu hayakusafiri navyo.

Kiungani, Tanga na Mambo Leo

Kwenye pwani yetu kitabu kilikuwapo kabla ya shule ya kikoloni. Watoto walisoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani, na tenzi ziliandikwa kwa hati ya Kiarabu na kunakiliwa kwa mkono. Wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana, walipoweka mtambo wa kuchapa Unguja katika karne ya 19, Askofu Edward Steere alichapa sala na sarufi, na pia alikusanya ngano za Waswahili, akazitoa kwa kitabu mwaka 1870. Chuo cha Kiungani, Unguja, kiliwafunza vijana waliokwenda kuwa walimu na makatibu bara. Martin Kayamba, aliyesoma hapo, baadaye aliandika habari za safari yake ya Uingereza kwa Kiswahili, ushahidi kwamba chuo kilichompa kijana mazoea ya kusoma kiliweza pia kumtoa mwandishi.

Wajerumani walifungua shule ya serikali Tanga mwaka 1892, na tangu 1904 mji huo ukachapa gazeti la Kiongozi. Waingereza walipoitawala Tanganyika, idara ya elimu ilianzisha Mambo Leo mwaka 1923, gazeti ambalo Shaaban Robert alichapishia mashairi yake ya awali. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili ilimpata katibu wake wa kwanza, Frederick Johnson, mtu mwenye bidii ya kutafsiri. Mashimo ya Mfalme Sulemani ilikuwa imekwisha kutoka mwaka 1929, na Safari za Gulliver na Alfu Lela Ulela zikaingia katika mkoba wa msomaji wa Kiswahili. Vizazi kadhaa vya wasomi wetu huvitaja vitabu hivyo kwa upendo.

Hata hivyo, ukiuliza vilisomwaje shuleni, jibu linafahamika kwa kila aliyepita huko. Mwanafunzi mmoja alisimama akasoma kwa sauti, wenzake wakafuata kwa vidole, mwalimu akasahihisha matamshi na kuuliza maswali. Mwalimu alifundisha kama alivyofundishwa, na chuo cha ualimu hakikumpa mfano mwingine. Waliosoma kwa mapana walifanya hivyo nyumbani, kwa bahati ya kuwa na mjomba mwenye gazeti au padri mwenye rafu ya vitabu.

Mwalimu anayefuatwa alipo

Jaribio moja la miaka ile lina thamani hadi leo. Tume ya Phelps-Stokes, iliyochunguza elimu ya Waafrika, ilizuru Afrika Mashariki mwaka 1924, na mwaka uliofuata Shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete, Kenya, chini ya James Dougall. Wanafunzi wake walikuwa walimu waliokwisha kufanya kazi, wengi wakija na wake zao. Walipohitimu hawakupewa darasa moja. Walizunguka shule za vijijini katika eneo lao, wakakaa na walimu wenye elimu ndogo, wakawaonyesha namna ya kufundisha, wakarudi tena baadaye kuona maendeleo.

Mfumo huo ulibeba kasoro za siasa ya kikoloni, iliyomtaka Mwafrika apate elimu ya kumweka kijijini. Wazo la mafunzo lililokuwamo, hata hivyo, lilikuwa sahihi: mwalimu habadiliki kwa kuitwa mjini mara moja, hubadilika anapofuatwa darasani kwake na mwenzake anayejua zaidi. Miaka 90 baadaye Kenya ingelirudia wazo hilohilo kwa vifaa vya kisasa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili uzito ukarudi kwenye vitabu. Kufuatia mapendekezo ya mwandishi Elspeth Huxley, Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki lilianza kazi mwaka 1948 chini ya Charles Richards. Lilichapa vitabu kwa Kiswahili na lugha nyingine za eneo hili, likapeleka makasha ya vitabu mashambani na kuazimisha vingine kwa posta. Kwa mtu mzima aliyejua kusoma ilikuwa neema. Shule ilibaki na ratiba yake, na ndani ya ratiba hiyo hapakuwa na kipindi cha mtoto kukaa na kitabu alichojichagulia.

Uhuru, kisomo na njaa ya vitabu

Tanganyika huru ilianzisha huduma ya maktaba kwa sheria ya mwaka 1963, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu ya Taifa Dar es Salaam. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa kama theluthi mbili. Kufikia 1986 serikali ilihesabu kwamba wamebaki chini ya asilimia 10. Maktaba za vijiji zikaanzishwa, na magazeti ya vijijini, likiwemo Elimu Haina Mwisho, yakachapwa ili msomaji mpya asisahau alichojifunza. Viongozi wa kampeni walielewa jambo ambalo shule hazikulielewa: ujuzi wa kusoma usipolishwa hufa.

Kisha likaja Azimio la Musoma la 1974 na Elimu ya Msingi kwa Wote ya 1977. Madarasa yalifurika, na maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba waliingizwa kufundisha huku wakijifunza ualimu kwa posta, kwa redio na kwa kukutana na wakufunzi. Taifa halikuwa na njia nyingine, na vijana wale walibeba mzigo unaostahili heshima. Lakini walimu wengi wa kizazi hicho waliingia kazini bila kuwahi kumiliki kitabu cha hadithi. Mwaka huohuo wa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na Shirika la Vitabu likagawanyika. Uchumi ulipoporomoka katika miaka ya 1980, karatasi na fedha za kigeni ziliadimika, na vitabu vikatoweka shuleni. Mwalimu aliandika kifungu ubaoni, watoto wakanakili, na huko kunakili kukawa ndiyo somo la kusoma.

Funzo la visiwa vya Fiji

Wakati sisi tukikosa vitabu, visiwa vidogo vya Bahari ya Pasifiki vilitoa ushahidi ambao bado unatajwa duniani kote. Mwaka 1980 Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu vya hadithi 250 vyenye picha katika kila darasa kwenye shule nane za vijijini nchini Fiji. Watoto walikuwa wa darasa la nne na la tano, nyumbani wakizungumza Kifiji au Kihindi, na Kiingereza walikijua kwa mazoezi ya kurudia sentensi baada ya mwalimu. Shule nyingine nne ziliendelea na mazoezi hayo ili matokeo yalinganishwe.

Shule zilizopata vitabu ziligawanywa kwa namna mbili. Katika baadhi, mwalimu aliweka muda kila siku wa kusoma kimya, naye akasoma pamoja na watoto. Katika nyingine alijifunza kusoma pamoja na darasa: kuonyesha jalada, kuwauliza watoto wanadhani nini kitatokea, kusoma hadithi kwa sauti yenye uhai, kuirudia siku nyingine, kisha kuigiza na kuichora. Baada ya mwaka mmoja makundi yote mawili yalikuwa yamepiga hatua katika ufahamu kwa kasi ya karibu mara mbili ya wenzao. Mwaka wa pili faida ikaenea hadi kwenye uandishi na stadi nyingine za lugha.

Wengi waliichukua habari hii kuwa ni ushindi wa wingi wa vitabu. Ukiitazama kwa makini utaona walimu wa kawaida wa vijijini, waliopewa maelekezo mafupi lakini mahususi, wakijua kila siku wafanye nini na kitabu. Maelekezo hayo ndiyo yaliyovitoa vitabu kabatini.

Kutoka makasha ya Kiingereza hadi hadithi zetu

Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd walitoa ripoti kuhusu Kiingereza katika shule za Tanzania. Waligundua kwamba wanafunzi wengi mno wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kuelewa masomo waliyofundishwa kwa lugha hiyo. Mradi wa kusaidia ufundishaji wa Kiingereza ulioanza 1987 kwa fedha za Uingereza uliweka kusoma kwa mapana katikati ya tiba: vitabu vya ngazi vilipelekwa sekondari, na walimu wakafunzwa kuviendesha. Kwa walimu wengi ilikuwa mara ya kwanza kusikia kwamba mwanafunzi anaweza kusoma kitabu kizima bila maswali kumi mwishoni.

Mradi ulikuwa na mipaka miwili. Wa kwanza ni wakati: mradi una tarehe ya mwisho, na kila mwaka vyuo hutoa walimu wapya. Wa pili ni lugha. Mwaka 1997 Zaline Roy-Campbell na Martha Qorro walichapisha kitabu kuhusu mgogoro huu, wakionyesha gharama ya kumfundisha mtoto kwa lugha asiyoielewa. Mimi naona hoja yao inagusa kusoma pia. Mazoea ya kusoma hujengwa kwa urahisi zaidi katika lugha mtoto anayoota nayo. Kijana aliyemaliza vitabu 30 vya Kiswahili hukifikia kitabu cha kwanza cha Kiingereza akiwa tayari anajua raha inayomngoja.

Ndiyo maana Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanzishwa mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada, una nafasi ya pekee katika historia hii. Ulianza kwa kuwafunza waandishi, wachoraji na wachapishaji kutengeneza vitabu vya Kiswahili vya watoto, na kwa kununua nakala ili zifike shule za vijijini. Baada ya miaka michache ukatambua kwamba kufikisha hakutoshi. Mwaka 1997 ulianzisha mpango wa kukuza usomaji, ukiunganisha vitabu, maktaba za shule na semina za walimu. Taasisi ya Kitanzania ilifika kwa uzoefu wake yenyewe kwenye hitimisho ambalo Fiji ilikuwa imelionyesha.

Hitimisho hilo lilihitajika. Tathmini za asasi ya Uwezo za mwanzoni mwa miaka ya 2010 zilionyesha kwamba nchini Tanzania takriban watoto 3 tu kati ya 10 wa darasa la tatu waliweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Kwa Kiingereza alikuwa mtoto 1 kati ya 10. Kenya ilijibu tatizo lake kwa programu ya Tusome, iliyoenea nchi nzima mwaka 2015. Kila mtoto alipata kitabu chake, kila mwalimu akapata mwongozo, na maafisa wa elimu walizunguka na vishikwambi wakiwatembelea walimu madarasani na kuwashauri. Majaribio yaliyotangulia programu hiyo yalikuwa yameonyesha kwamba semina peke yake huleta mabadiliko madogo. Ikiunganishwa na vitabu, mwongozo na ushauri wa darasani, watoto husonga mbele. Hapo roho ya mwalimu wa Jeanes ilirudi, safari hii ikiwa imepimwa kwa takwimu. Na mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa Kenya mwaka 2019 umeandika kusoma kwa mapana waziwazi katika somo la Kiswahili, pamoja na matini ya kujichagulia.

Mafunzo yenye manufaa yana sura gani

Karne hii inatufundisha mambo kadhaa. La kwanza ni kwamba mwalimu asiyesoma hawezi kuambukiza usomaji. Richard Day na Julian Bamford, walipoorodhesha kanuni kumi za kusoma kwa mapana mwaka 2002, waliweka mojawapo kwamba mwalimu awe mfano wa msomaji. Kwa hiyo mafunzo yaanze kwa walimu wenyewe kukaa saa nzima na vitabu vya watoto, wajichagulie, wasome kimya, kisha wasimuliane walichokipenda. Mwalimu aliyeonja jambo hilo hahitaji hotuba ndefu kuhusu faida zake.

La pili ni ujuzi wa kupima ugumu wa kitabu. Utafiti wa Paul Nation na Marcella Hu wa mwaka 2000 ulionyesha kwamba msomaji anayetaka kufurahia hadithi bila msaada anahitaji kujua karibu maneno 98 katika kila 100. Mwalimu anaweza kulitumia hilo kesho asubuhi: mtoto akikwama zaidi ya mara mbili au tatu katika maneno 100, apewe kitabu chepesi zaidi, bila kuaibishwa.

La tatu ni uendeshaji wa darasa kubwa. Kwa darasa la wanafunzi 80 na vitabu 40, wasomaji wakae wawiliwawili. Kasha lizunguke mikondo kwa zamu, wanafunzi wenyewe wawe wakutubi, na daftari moja liandike nani kachukua nini. Mwalimu asome kwa sauti kurasa mbili za kitabu kipya kisha akifunge mahali panaponoga, na kesho yake kitagombaniwa. Badala ya maswali ya ufahamu, mwanafunzi amweleze mwenzake kwa dakika mbili kama kitabu kinafaa kusomwa na kwa nini. Mambo haya yote hufundishika, lakini kwa kuyafanya mbele ya walimu na kuwapa nafasi ya kuyajaribu.

La nne, na ambalo husahaulika, ni kuwafunza walio juu ya mwalimu. Mdhibiti ubora anayeingia darasani na kukuta watoto 60 wameinamia vitabu kimya, na mwalimu naye anasoma, anaweza kuandika kwamba hapakuwa na ufundishaji. Mwalimu mkuu anayeogopa hasara atarudisha kufuli. Hawa nao waingie katika mafunzo, na kanuni za mali ya shule zikubali kwamba kitabu cha hadithi huchakaa kihalali.

Wakati wa kufanya hivyo ni sasa. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, imeanza kuibua hadithi mpya za Kiswahili kwa ajili ya vijana wetu. Mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, tayari unawakutanisha walimu katika jumuiya za kujifunza shuleni, na jumuiya hizo zinaweza kuwa vikundi vya kusoma bila posho wala safari ya mjini. Vyuo vya ualimu, iwe Marangu, Butimba, Korogwe au Shanzu, viweke kipindi cha kusoma katika ratiba na kumtaka kila mwanachuo, kabla hajahitimu, awe amesoma vitabu kadhaa vya watoto na kuendesha kasha la vitabu katika shule ya mazoezi. Wizara zinazonunua vitabu zitenge sehemu ya fedha hizo kwa ajili ya watu watakaomtembelea mwalimu darasani mwaka mzima.

Na wewe mwalimu wa lugha unayesoma makala hii, usingoje waraka. Omba ufunguo wa kabati, chagua vitabu vilivyo vyepesi zaidi, vipeleke darasani wiki hii, uwape watoto dakika ishirini. Kisha chukua kimoja, ukae, usome nao.